Bolti ya Kumi na Moja

Mama alikuwa ameshafunga mkanda wa gari. Ufunguo ulikuwa umeshaingia. Nami nikatia mkono kwenye mfuko wa koti langu, nikakuta... hamna kitu.

Ndugu wasomaji, jasho lililonitoka lingetosha kufulia shuka.

Ngoja niwaeleze vizuri. Mimi ni kijana wa shule ya bweni, nimefundishwa kuungama kwa mpangilio.

Mama anabeba watoto wa chekechea. Watoto kumi na wanne, gari moja, mteremko mmoja mrefu wenye kona. Asubuhi ile alirudi na moshi unatoka chini ya boneti. Dada yangu, ambaye ni fundi gereji, alichungulia mara moja tu akajua. Gasketi, ule mpira unaoziba ukingo wa kifuniko cha juu cha injini, imekauka, oili inavuja na kudondokea ekzosi yenye moto. Akasema ikiachwa, iko siku gari litawaka na watoto wamo ndani.

Mama akampa mpaka saa nane mchana, muda wa kuwafuata watoto. Ilikuwa mara ya kwanza dada kukabidhiwa injini ya Mama peke yake. Mimi nikateuliwa mshika tochi.

Sasa, dada ana utaratibu wake. Huchukua kipande cha boksi, akakitoboa matundu kumi kwa umbo la kile kifuniko, na kila bolti anayoifungua huichomeka kwenye tundu lake. Haipotei hata moja. Anajivunia boksi lile kama jaji na nyundo yake.

Hapo shetani wangu akaninong'oneza.

Nikaokota bolti kuukuu inayofanana na zile, nikaitia mfukoni. Mpango wangu: akimaliza kufunga zote kumi, nitaiweka ya kumi na moja juu ya boksi, kisha nitakaa pembeni kwa heshima zote kumtazama fundi akitafuta ilikotoka.

Nikainama na tochi juu ya injini iliyo wazi karibu saa nzima. Dada akakwangua gasketi kuukuu, ikabanduka vipandevipande kama gaga la kidonda. Akafuta, akalaza mpya, akakaza bolti kumi kuanzia katikati kwenda pembeni. Mama akatokea saa nane kasoro dakika kumi, akaingia garini.

Na mfuko wangu ulikuwa mtupu.

Nilikuwa nimeinama mahali pamoja tu siku ile...

Bolti ndani ya injini inayozunguka. Kwenye ule mteremko. Na watoto kumi na wanne.

Ubaya ni kwamba wiki iliyopita nilimwambia Mama kuna nyoka kwenye ndoo. Juzi nikamwambia dada tairi limetoboka. Nani angeniamini?

Nikajitupa juu ya boneti kifudifudi.

"Shuka," Mama akasema.

"Mama, usiwashe."

"Mwanangu, leo sina muda wa maigizo."

Dada akainua boksi lake juu. "Kumi zilitoka, kumi zimerudi. Mpuuze huyo."

"Kuna ya kumi na moja," nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mbuzi. "Niliileta mimi."

Nikaeleza yote huku nimeikumbatia boneti. Mama akashuka garini. Aliitazama miguu yangu, jinsi ilivyotetemeka mpaka viatu vikagonga bampa. Naamini miguu ndiyo iliyotoa ushahidi, maana mdomo wangu hauna sifa nzuri mahakamani.

Akarudi kwenye usukani, akachomoa ufunguo.

Dada akafungua upya, kila bolti akiichomeka kwenye boksi kana kwamba ananichoma mimi. Akanyanyua kifuniko. Akachungulia.

Akaganda.

"Umeiona?" nikamnong'oneza, macho nimeyafumba.

Nikasikia akivuta kitu.

Nikafumbua. Mkononi hakuwa na bolti. Alikuwa na kitambaa. Kitambaa chake cha bluu, alichozibia uwazi wa mnyororo unaozunguka ndani ya injini ili mabaki ya gasketi yasidondokee ndani. Alikisahau. Boksi lake lilihesabu bolti, halikuhesabu vitambaa.

Jamani... Mama angewasha tu, mnyororo ungekivuta na kuikwamisha injini.

Boneti ilikuwa wazi, Mama yuko nyuma yake, haoni kitu. Dada angeweza kukificha mfukoni. Au angesema nimekitia mimi, na dunia nzima ingekubali! Akanitazama. Nusu dakika ile iliniogopesha kuliko bolti.

"Mama," akasema taratibu, "nimesahau kitambaa humu ndani. Ni mimi, si yeye."

Mama akaja, akakipokea, akakikunja mara mbili. Akampigia mwalimu wa chekechea kwamba atachelewa. Kisha akakalia tairi la akiba.

"Funga tena," akasema. "Kwa sauti. Nisikie kila kinachoingia na kila kinachotoka."

Kabla dada hajaanza kufunga, Mama akanivua koti, akalikung'uta. Kitu kikagonga ndani ya bitana. Mfuko ulikuwa na tundu. Bolti haikuwahi kutoka kwenye koti.

Watoto walifika makwao saa tisa na nusu, wakinung'unika njaa, wazima wote. Mimi nimehukumiwa kuosha gari likizo nzima, na sikati rufaa.

"Usijione shujaa," dada aliniambia jioni. "Uliogopa tu."

"Sana," nikamjibu.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi naongeza neno moja tu, ndugu wasomaji: ukiogopa, ogopa kwa sauti. Na uwahi, kabla ufunguo haujazungushwa.