Sufuria Ndani ya Blanketi

Kila asubuhi Houda alikunja matandiko, akafagia chumba, kisha akachagua maharagwe. Tangu mapigano yaingie mtaani kwao Kanyosha, kazi hizo alizifanya mlango ukiwa na komeo. Risasi zililia kilimani, na hakuna aliyethubutu kutoka.

Siku hiyo makaa yalibaki konzi mbili tu. Jana yake maharagwe hayakuiva sawasawa, na mdogo wake Ilyasi alishinda ameshika tumbo. Baba yao, Chabani, fundi wa magari aliyefiwa na mkewe, alikuwa anafunga kamba za viatu.

"Nakwenda kutafuta makaa," alisema. "Wakubwa wanagombea viti huko Rohero kwenye ofisi zao, wao wanakula vilivyoiva."

Houda aliona kama kuta zinamsogelea. Mama hayupo, baba naye akipigwa risasi, wangebaki na nani? Mikono yake iliendelea kukunja blanketi la Ilyasi. Mtoto alishaamka zamani, lakini ndani ya blanketi mlikuwa na joto bado. Houda akaduwaa nalo mikononi.

"Baba, ungoje kidogo," akasema. "Mpaka alasiri tu. Maharagwe yasipoiva, mi sitakuzuia."

Chabani alinung'unika, lakini akangoja, viatu miguuni. Houda akainjika maharagwe aliyoyaloweka tangu jana, akayaacha yatokote kwa nguvu hadi makaa yakawa majivu. Hapo akafunika sufuria barabara, akaizungushia nguo kuukuu, akaiviringisha blanketini na kuilaza kitandani.

Ilyasi alicheka mpaka akasahau tumbo. "We Houda, sufuria inaumwa malaria?"

Mchana ukawa mrefu. Kila risasi ilipolia, Chabani aliutazama mlango, na Houda akaitazama miguu ya baba yake. Adhana ya alasiri haikusikika siku hiyo. Walikisia kwa kivuli cha dirisha. Houda akafungua blanketi, akafunua sufuria. Mvuke ukampiga usoni. Baba akachukua punje moja, akaiminya kwa vidole. Ikapondeka.

Chabani akainama, akavua viatu, akavisukuma chini ya kitanda.

"Mwanangu," alisema, "wakubwa wametufungia barabara, akili yako hawakuifunga. Blanketi hilo unalikunja kila siku. Leo umelikunja huku unafikiri. Kazi yoyote, hata ndogo, ifanye hivyo hivyo, na utaona njia."

Kisha akapakua, sahani ya kwanza akampa Ilyasi.

"Kula," akamwambia. "Mgonjwa wako amepona."