Kamba ya Kilonzo

Kaluki aliutambua mkoba kabla ya kumtambua mtu.

Alikuwa ameketi uani akipepeta ndengu. Kuku watatu walizunguka miguu yake wakingoja punje zianguke. Binti yake, Kasyoka, alikuwa jikoni. Ndipo mwanamume mrefu mwenye kofia nyeupe akasimama langoni. Kaluki hakuwa amewahi kumwona maishani. Lakini mkoba wa bluu uliokuwa begani mwake aliujua. Mkanda wake ulikuwa umekatika zamani, naye Kaluki aliushona kwa uzi mwekundu.

Ulikuwa mkoba wa mume wake, Kilonzo.

"Wakya," mgeni akasema. Aliitamka salamu hiyo ya Kikamba kwa ulimi mzito wa pwani.

Kaluki aliweka ungo chini. Kilonzo alikuwa akiwachekesha nyumbani kwa kumwigiza rafiki yake wa kazini akisalimu hivyo hivyo.

"Wewe ni Shee," akasema.

"Ndiye mimi, dada. Nimechelewa miezi saba. Nisamehe."

Kilonzo alikuwa amefanya kazi Mombasa miaka kumi na moja, kwenye tagi. Tagi ni boti ndogo yenye injini ya nguvu nyingi sana. Meli kubwa ikiingia bandarini haiwezi kugeuka yenyewe mahali pembamba. Tagi huivuta kwa kamba nene, au huisukuma ubavuni, mpaka ifike gatini. Kazi ya Kilonzo ilikuwa kushughulikia kamba.

Mwezi wa tatu aliletwa nyumbani, kando ya mto karibu na Mukuyuni, ndani ya jeneza. Barua iliyokuja naye ilisema tu kwamba ilikuwa ajali ya kamba. Mengine watu walijijazia wenyewe. Wengine walisema alikuwa amelewa. Wengine walisema kuna mtu alimwonea wivu, akaenda kwa mganga. Kanisani akina mama walimwambia Kaluki aombe na asiulize sana. Aliomba. Lakini maswali hayakuondoka.

Kasyoka alileta chai. Kaluki alimnong'oneza mtoto habari za kuku wa mgeni. Shee akasikia.

"Msihangaike," akasema. "Nilikula Mtito Andei, nilikolala jana. Ila yule jogoo akiwa na madharau, nipeni kisu nimchinje mwenyewe, ndipo nitamla."

"Ana madharau mengi," Kasyoka akajibu, akacheka. Kaluki aligeuka kumtazama. Alikuwa amesahau kicheko cha binti yake kilivyo.

Kisha Kaluki akauliza lile lililomkaa kooni miezi saba.

"Shee, niambie ukweli. Alikuwa amelewa?"

"Kilonzo?" Shee aliweka kikombe chini. "Alikuwa amekunywa chai yangu ya tangawizi. Akailaumu kwamba haina maziwa. Hiyo ndiyo aliyokunywa, dada."

Kaluki alijifunika uso kwa ncha ya leso. Shee akasema atawaonyesha ilivyokuwa.

Shee aliomba mpira wa tyubu, ule ambao watu hufungia mizigo kwenye baiskeli. Kasyoka akamletea. Akafunga ncha moja kwenye nguzo ya banda la mbuzi. Akachomeka kijiti ardhini kando ya mpira, akakifunika kwa kikombe cha bati. Kisha akauvuta mpira, akarudi nyuma hatua kwa hatua, hadi ukawa mwembamba.

"Kamba ya kuvutia meli hutanuka hivi," akasema. "Ukiitazama kwa mbali huoni. Inaonekana imetulia. Lakini nguvu zote za meli na za tagi zimejaa ndani yake. Sasa, Kasyoka, kata hapa karibu nami."

Kasyoka alikata kwa kisu. Mpira ulirudi kwa kasi, ukapiga kikombe, kikaruka hadi mlangoni mwa jikoni. Kuku walitawanyika.

"Huo ni mpira wa baiskeli," Shee akasema taratibu. "Kamba yetu ni nene kama mkono wangu. Ikikatika, hurudi kabla hujafumba jicho. Hakuna anayeikimbia. Kwa hiyo kuna mahali kwenye sitaha ambapo mtu hasimami wakati kamba imekazwa. Hapaswi hata kupita."

"Na yeye alisimama hapo?" Kaluki akauliza.

"Alipita. Hatua tatu tu. Meli ilikuwa ndefu kuliko kutoka hapa hadi kanisani kwenu. Upepo ukaisukuma, kamba ikakaza. Kilonzo akaona kamba nyingine ndogo imeingia kwenye mashine ya kukunjia. Akaona itaharibu kazi. Akaenda kuitoa." Shee aliokota mpira uliokatika. "Nilisikia mlio kama wa bunduki. Yeye nadhani hata hakuusikia."

Kasyoka alikuja akakaa karibu na mama yake.

"Kuna jingine," Shee akasema. "Ndilo lililonichelewesha. Siku mbili kabla, niliiona kamba hiyo imeanza kutoa manyoya. Mahali pengine ilikuwa ngumu, kama plastiki iliyoungua. Nilipaswa kuripoti, itolewe kazini. Nilikuwa nimechoka. Nikasema, nitaripoti kesho."

Kaluki alimtazama. Alitaka kumchukia mtu huyu. Ingekuwa rahisi, maana alikuwa mbele yake. Lakini Shee alikuwa ameshika ule mpira kwa mikono miwili, akijaribu kuunganisha mahali ulipokatwa.

"Kunywa chai," Kaluki akamwambia. "Inapoa."

Shee akawaeleza yaliyobadilika. Siku hizi kamba hukaguliwa kila asubuhi. Mahali pa hatari pamepakwa rangi nyekundu. Kamba ikikazwa, kila mtu huwa nyuma ya ukuta wa chuma. Wamefundishwa pia hatari nyingine: meli ikienda kasi kuliko tagi, inaweza kuivuta kwa ubavu na kuipindua kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo hufunga milango yote, huvaa maboya, na mtu mmoja hukaa tayari kuiachilia kamba.

"Yote haya tulifundishwa mwezi wa kwanza, Kilonzo akiwemo," akasema. "Tulianza kuyafuata mwezi wa nne."

Hapo sauti ikaita kutoka langoni.

"Mama Kasyoka! Tunaomba kamba ya Kilonzo!"

Alikuwa Mutisya, ndugu mdogo wa Kilonzo. Alikuwa na trekta na lori la matofali. Kila msimu trekta hilo lilimlimia Kaluki shamba bila kudai kitu. Nyumba ya Kaluki ilikuwa karibu na kivuko cha mto, na mto wenyewe ulikuwa mchanga mtupu. Magari yalikwama humo kila wiki. Yakikwama, watu walikuja kwake kuomba kamba.

Ilikuwa imening'inia bandani, nene na ya kijani. Kilonzo aliileta Krismasi ya mwaka uliotangulia.

Shee aliiona, akasimama.

"Hii hamvutii kitu, sivyo?"

"Inavuta malori," Mutisya akasema kwa fahari. "Huyu ni nani?"

"Mimi nilifanya kazi na kaka yako. Kamba hii tuliitoa kwenye tagi kwa sababu imechoka. Kilonzo aliiomba ya kuzungushia banda la mbuzi."

"Imechoka?" Mutisya akacheka. "Bwana, imevuta malori hamsini. Mimi ndiye nimechoka."

"Na kila lori limeimaliza kidogo. Watu husimama wapi mnapovuta?"

"Hapo hapo. Wengine huikalia ili isirukeruke."

Shee alifumba macho. "Kilonzo aliniambia baada ya mafunzo kwamba akifika nyumbani mwezi wa nne ataikata ile kamba vipande. Hakufika mwezi wa nne."

Siku hiyo Shee alikwenda nao mtoni. Hawakutumia kamba. Walipakua matofali, wakachimba mchanga mbele ya magurudumu, wakatandaza matawi na mbao. Kazi ilichukua saa tatu. Lori likatoka. Mutisya alisema kwamba kwa kamba ingekuwa dakika kumi.

Kabla ya kuondoka, Shee alimkabidhi Kaluki mkoba wa bluu, akamwambia, "Dada, niahidi jambo moja. Ikate."

"Nitaikata."

"Lini?"

"Kesho," Kaluki akasema.

Shee alimtazama kwa muda mrefu.

Kesho ilifika, na Kaluki hakuikata. Alishika panga, akaenda bandani, akasimama mbele ya kamba ile. Ilikuwa bado na harufu ya mafuta na chumvi, kama nguo za Kilonzo alipotoka kazini. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Nguo za Kilonzo zilikwisha gawanywa. Kiti chake kila mtu alikikalia. Mahali pekee ambapo jina lake lilitajwa bado ni pale langoni, mtu akija kuomba kamba ya Kilonzo. Kila walipoita, ilikuwa kama wanamwita aamke aje kusaidia.

Akarudisha panga. Akajiambia, kesho.

Zilipita wiki mbili. Mwezi wa kumi na moja mvua ilianza milimani. Kaluki alikuwa akitoka kanisani Jumapili alipomwona Kasyoka akimjia mbio.

"Mama, lori la baba mdogo limekwama mtoni na matofali. Amechukua kamba. Nimemkatalia, amenipita tu."

Kaluki alipitia nyumbani kuchukua panga. Alipofika kivukoni, mawingu yalikuwa meusi upande wa milimani. Lori lilikuwa limezama hadi ekseli. Kamba ilikuwa imefungwa tayari kati ya lori na trekta, imelala mchangani. Wanaume kumi na wawili walikuwa kandokando yake. Muindi, kijana wa jirani, alikuwa ameikalia, akicheza na simu.

"Ondokeni," Kaluki akasema. "Muindi, toka hapo."

"Mama Kasyoka, mimi ndiye uzito," Muindi akajibu, na wenzake wakacheka.

Kaluki hakucheka. Alimshika mkono, akamwinua kama mtoto. Muindi akaweka simu mfukoni.

Mutisya alikuwa juu ya trekta. "Shemeji, maji yanakuja. Huoni mawingu? Niache nivute mara moja tu. Kesho ikate, ichome, ifanye utakavyo."

Kaluki alisikia neno lile, kesho. Akamwona akilini Shee akiwa ameshika mpira wa tyubu mikononi.

"Ndugu yako alipita mara moja tu," akasema.

Akapiga magoti mchangani. Akaishika kamba kwa mkono wa kushoto. Akaikata. Panga halikupita kwa pigo moja. Alipiga mara nyingi, na machozi yalimfanya akose mahali alipolenga. Hakuna mwanamume aliyemsogelea. Kamba ilipoachana, Muindi aliinama, akaokota ncha yake. Akazifungua nyuzi zake kwa vidole. Unga mweupe ukamwagika kutoka ndani.

"Mutisya," akasema kwa sauti ndogo. "Njoo uone. Ndani imesagika."

Mutisya alishuka, akatazama. Akatazama pia mahali Muindi alipokuwa ameketi. Wakachukua majembe, wakaanza kuchimba na kupakua. Walikuwa wametoa karibu nusu ya matofali waliposikia mto ukivuma kwenye kona ya juu. Wote walipanda ukingoni na trekta. Maji ya rangi ya udongo yalilifikia lori, yakalitikisa, yakaliinua upande mmoja, yakalilaza. Kisha yakalisukuma chini polepole, na matofali yaliyobaki yakaenda nalo.

Mutisya aliketi ukingoni na kulitazama hadi likapotea. Watu kumi na wawili walisimama nyuma yake, wote wazima.

Msimu huo trekta halikuja kwa Kaluki. Yeye na Kasyoka walilima kwa jembe, mistari michache tu, hadi viganja vikapasuka. Mutisya alipokutana naye njiani alimsalimu kwa kichwa. Kaluki hakumlaumu. Alijua lori lile lilikuwa nini kwake.

Lakini kivukoni mambo yalibadilika. Muindi ndiye aliyewaeleza wengine, tena na tena, habari za unga mweupe. Gari likikwama sasa, hupakuliwa kwanza, mchanga huchimbwa, mbao hutandazwa. Ikilazimu kuvuta, hutumia kamba maalumu ya kuvutia magari, iliyokaguliwa. Muindi hupiga mluzi, na watu wote hurudi nyuma, mbali kuliko urefu wa kamba. Hakuna anayeikalia wala kuiruka.

Kaluki aliikata kamba yote vipande vifupi, kimoja kwa kila mbuzi, vingine vya kufungia kuni. Kazi hiyo ilimchukua asubuhi nzima. Kisha akampigia Shee simu.

"Wakya, dada," Shee akasema. "Huko kumenyesha?"

"Kumenyesha. Shee, nimeikata."

Upande wa pili kulikuwa na upepo na sauti ya injini.

"Yote?"

"Yote. Haifiki tena hata kutoka mlangoni hadi langoni."

"Asante, dada. Asante kwa niaba yake."

Kaluki alikata simu, akaketi na ungo wake. Gari fulani lilikuwa limekwama mtoni, alisikia injini ikihangaika, kisha mluzi wa Muindi, kisha kimya cha watu wanaorudi nyuma. Alitazama langoni kwa mazoea.

Hakuna aliyekuja kuita. Akaendelea kupepeta.