Sare ya Kilifi

Shekha na Abdulkadir walikutanishwa na viazi karai. Duka la Malindi mjini lilikuwa limejaa pomoni, na Shekha, macho yake yote kwenye sataranji ya simuni, akavuta sahani ya watu akaanza kula. Mwenye sahani, Abdulkadir, akamwachia, akaomba afundishwe mchezo wenyewe. Mwaka haujaisha, na tayari posa imepangwa Ijumaa.

Sasa Shekha yuko ukumbini Kilifi, kwenye mashindano ya sataranji, kavaa baibui la nakshi za fedha, raundi ya mwisho, yeye na Ochola wa Mombasa. Akishinda anaingia timu inayosafiri ng'ambo. Alichagua ulinzi wa Sisilia, ule mkali wa joka, na ndani yake alificha mtego: kuitoa mhanga ngome yake amle farasi wa Ochola, kisha amvamie mfalme.

Mtego haujatimia, Ochola, bila hata kufikiri, akamsogeza mfalme wake pembeni. Dawa ile ya mtego waliijua watu wawili tu, yeye na mchumba wake. Aliigundua Abdulkadir, barazani kwao Shekha, na siku ile Shekha alimpongeza kwa halua.

Alipigana kufa na kupona, akaokoa sare. Sare haikumfikisha popote.

Akamkuta Abdulkadir nje, kanzu imenyooka kwa pasi, ananukia udi. Hakukana. Alisema yeye mwenyewe ndiye aliyempigia Ochola simu, akamfunulia mtego na dawa yake.

"Niliogopa, roho yangu. Ungekwenda huko usirudi."

"Ungeniambia nisiende, tungegombana, yakaisha. Wewe umekwenda kuniuza kwa mtu."

"Wallahi sikuchukua hata senti."

"Ndiyo uchungu wenyewe, Abdulkadir. Umenitoa bure."

Akajaribu kumshika mkono, Shekha akaurudisha nyuma. Alimpenda bado, na hilo ndilo lililomtia hasira zaidi.

"Mpigie ami yako sasa hivi. Mwambie wazee wasije Ijumaa."

Akapiga. Ami akauliza kulikoni. Abdulkadir akamtazama Shekha kwa macho ya kuomba asitiriwe. Shekha akaichukua simu.

"Shikamoo, ami. Samahani kwa usumbufu. Mwanao ana neno la kukueleza, nami sitoki hapa mpaka alimalize."

Akamrudishia simu, akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akasimama kumsikiliza.