Hatua Saba Gizani

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, wenzake walikimbilia uwanjani, naye Safi alikimbilia ukumbini. Safi halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wenzake walimbandika kwa sababu hakuweza kuona vumbi akanyamaza. Hata dawati la jirani akilikuta na doa, atalifuta. Kwa tabia hiyo mwalimu wa maigizo alimkabidhi vifaa vyote vya jukwaani: kiti, meza, taa na sanduku la nguo. Safi aliipenda kazi hiyo kupita kiasi, na alitembea nayo kama mtu aliyepewa cheo.

Kazi yenyewe ilikuwa na amri moja. Sakafu ya jukwaa ilichorwa alama za chaki, kila kifaa na alama yake, na waigizaji walihesabu hatua kutoka alama moja hadi nyingine. Katika mchezo wao kulikuwa na sehemu ambayo taa huzimika ghafla. Bibi kizee hutembea gizani hatua tisa kutoka mlangoni hadi kitini, hukaa, kisha huinuka na kupiga hatua saba hadi mbele ya jukwaa, ambako huwasha kiberiti. "Sakafu hii inafagiwa kavu," mwalimu alikuwa amesema. "Maji yasiiguse."

Siku kumi na mbili kabla ya onyesho, Safi aliikuta sakafu imejaa tope la viatu. Ufagio ulishindwa. Akaangaza macho huku na huku, hakuona mtu, akalowanisha tambara. Tope lilitoka, na alama za chaki nazo zikatoka. Alipotanabahi, mbao zilikuwa zinang'aa, hazina hata mstari mmoja. Akachukua chaki akazichora upya kwa kukisia. Kiti kilimtatiza, lakini alijiambia kwamba hatua moja au mbili haziui mtu. Akafunika kombe mwanaharamu apite.

Kesho yake mwalimu alifunika madirisha kwa vitambaa vyeusi ili wanafunzi walizoee giza. Bibi kizee aliigizwa na Kidoti, binamu yake Safi aliyemzidi mwaka mmoja. Walikaa nyumba moja na kulala chumba kimoja. Taa ikazimwa. Lilikuwa giza la kutoona hata kiganja chako. Hatua za Kidoti zilisikika taratibu, moja hadi tisa. Kisha kikafuata kishindo.

Taa ilipowashwa, Kidoti alikuwa chini, na kiti kilikuwa mbele yake, hatua mbili kamili.

"Nilihesabu vizuri," alisema. "Kiti kilitakiwa kuwa hapa. Nani amekisogeza?"

Walitazamana. Jukwaani hakukuwa na mtu mwingine. Domo, mvulana aliyeigiza mwizi, ambaye siri haikulala kwake, alinong'ona kwamba ukumbi ule una mwenyewe asiyeonekana, na mwenyewe hapendi kelele. Kabla ya jua kutua, shule nzima ilikuwa na habari, na kiti hakuna aliyethubutu kukigusa.

Safi aliujua ukweli, lakini ulimi ulikuwa mzito. Angesema, angenyang'anywa kazi. Usiku Kidoti alimuuliza kutoka kitandani kwake kama kweli vitu vinaweza kutembea vyenyewe. Safi alijifanya amelala.

Asubuhi iliyofuata aliwahi ukumbini peke yake ili akirudishe kiti kimyakimya. Vitambaa vyeusi vilikuwa bado vimefunika madirisha, na mwanga uliingia kwa ufa wa mlango tu. Akapanda jukwaani, akashika kiti. Hapo akasikia ngo, ngo, ngo, chini ya miguu yake, ndani ya mbao. Akasimama. Sauti nayo ikasimama. Akapiga hatua moja, ngo, ikamjibu. Aliyejua wazi kuwa hakuna mwenye ukumbi alitoka mbio, na kiti akakiacha palepale.

Siku hiyo waigizaji wawili walijitoa, na hakukuwa na mazoezi. Siku ya nne mwalimu aliwaambia waliobaki kwamba akipungua mmoja zaidi, mchezo umekufa. Kidoti aliogopa, lakini alipiga moyo konde. Alisema kiti atakipapasa mpaka akipate, na safari hii sehemu hiyo itafika mwisho.

Taa ikazimwa. Nyuma ya pazia Safi alisikia hatua tisa, kisha viganja vikipapasa hewa, kisha kiti kikilia chini ya mkaaji. Ndipo hesabu ilipomjia. Kiti kilikuwa mbele kwa hatua mbili. Kutoka pale hadi ukingoni hazikuwa saba tena, zilikuwa tano. Baada ya hapo ni kuanguka kimo cha kiuno cha mtu mzima, kwenye saruji.

Kidoti aliinuka. Moja. Mbili. Tatu. Bado wazo la kunyang'anywa kazi lilikuwemo kichwani mwa Safi, aibu iliyoje. Nne. Tano.

"Dada, simama! Usiinue mguu!"

Mwalimu aliwasha taa. Vidole vya miguu vya Kidoti vilikuwa ukingoni. Alitazama chini, akaketi polepole palepale, akaanza kulia. Safi alieleza yote: tope, tambara, chaki, kukisia.

"Kumbe mwenye ukumbi ni wewe," alisema Domo. Hakuna aliyecheka.

Kidoti alijifuta machozi. "Nilikuuliza usiku. Ukanyamaza."

Safi alipouliza kwa sauti ndogo kuhusu ile ngo ngo, mwalimu alimwambia ni fundi seremala, alikuwa uvunguni mwa jukwaa akikaza misumari.

Kisha mwalimu aliwaambia waigizaji wafumbe macho na watembee kama walivyozoea. Kila miguu iliposimama, Safi alipiga magoti akachora alama. Miguu ilikumbuka kila kitu. Kidoti alikuwa wa mwisho kukubali, na alitembea akimshika mwalimu mkono.

Jioni ya onyesho ukumbi ulijaa wazazi. Nyuma ya pazia Kidoti aliuliza kama kiti kiko mahali pake. "Nimepima mara tatu," Safi alisema. "Lakini njoo upime mwenyewe." Kidoti akaenda, akapima. Taa ilipozimika, watu walishika pumzi. Hatua tisa, kimya, hatua saba, na kiberiti kikawaka.

Makofi yalipotulia, mwalimu alimkuta Safi akikunja pazia.

"Tambara lilikuwa ajali, mwanangu, na ajali ningeisamehe siku ileile," alisema. "Siku tatu za kunyamaza ulizichagua mwenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Wewe ulificha yako, na aliyekuwa anakwenda kuumia ni mwenzako."

Safi aliinamisha kichwa. Kidoti alishika ncha ya pili ya pazia, wakakunja pamoja.