Joto Ambalo Zorobabel Hakulipima

Ndugu zangu wa mtaa wa Mususa, wengi wenu mliijua atelie ya ufundi ya Zorobabel hapa Butembo. Asubuhi palikuwa na utulivu: mke wake Orpa akichambua maharagi mlangoni, yeye ndani akiwasha shalumo, bomba lake la moto wa gesi. Aliyeyusha poudre, unga wa chuma, katika moto wake na kuirusha juu ya chuma kilicholika, mpaka kikarudia unene wake.

Mimi Salomon, dereva wa lori, nilimtazama miaka mingi. Hakukisia kitu. Alikisugua chuma mpaka kiwe na mikwaruzo, kisha hakuna kidole kilichokigusa tena, kwa sababu ya mafuta ya ngozi. Alikipasha moto mpaka tone la maji likidondokea juu yake likauke papo hapo. Shalumo aliishika umbali wa shibiri moja, akapitisha mkono polepole.

Mwaka 2001 vita ikafunga barabara. Orpa alikuwa ameenda Beni kuuza maharagi, akakwama huko. Siku hizo vilebrequin ya lori langu, kile chuma kinachozunguka ndani ya moteri, ikawa imelika. Ilikuwa mikononi mwa Zorobabel.

Majuma matatu alikula peke yake. Nilimkuta mara nyingi ameketi mbele ya bugali uliopoa, hajaugusa.

Tukasikia kwamba barabara imefunguka. Nikaenda kwake.

"Utaikamata vilebrequin yako leo," aliniambia. "Kesho unaenda kuniletea Orpa."

"Lakini ulisema inaomba siku tatu."

"Salomon, hii nyumba imenishinda. Niko nasema na ukuta."

Chupa ya oksijeni ya shalumo ilikuwa karibu kwisha, na nyingine ingetoka mbali. Ili imtoshe, hakukipasha chuma. Alisogeza shalumo karibu sana na kupitisha mkono mbiombio. Sikuona tone la maji hata moja. Ningeuliza, lakini nami nilitamani kurudi barabarani.

Usiku ule nikairudisha ndani ya moteri, na kesho yake nikafika Beni salama. Orpa akapanda mbele, amepakata chupa ya mafuta ya mawese ya mume wake. Aliniuliza kama anakula vizuri. Nikasema ndiyo.

Tuliporudi, kwenye mupando, pale barabara inapopanda kilima, moteri iligonga mara mbili ikakwama. Abiria niliowapakia Beni walishuka, wakakaa kando ya barabara kungoja msaada. Kabla ya msaada kufika walitoka watu wenye bunduki porini. Kila mtu alikimbilia upande wake. Niliita jina la Orpa mpaka sauti ikakauka. Hakuitika.

Baada ya siku kumi lori lilivutwa mpaka Butembo, nikaifungua moteri mbele ya Zorobabel. Ule utando aliourusha ulikuwa umebanduka kama ngozi ya kiazi kilichochemshwa. Aliuweka kiganjani.

"Haikukamata juu ya chuma," alisema. "Chuma ilikuwa baridi. Ni mimi nilimuachaka mu njia."

"Na mimi niliona, nikanyamaza."

Alienda Beni kwa miguu. Aliuliza kwenye maparokia, hospitalini, kwenye kambi za waliokimbia. Vita ilipotangazwa kwisha, watu wengine walitoka porini wakarudi kwao. Orpa hakurudi.

Zorobabel bado anafanya kazi. Mteja akimharakisha, anazima shalumo na kumweleza yote, bila kuficha jina lake wala kosa lake. Mteja anasikiliza, anaacha chuma chake bila haraka, anaenda. Yeye anabaki na joto lake na tone lake la maji, na jioni anafunga mlango wa nyumba isiyo na mtu.

FUNZO

Kumtamani umpendaye si kosa. Kosa ni kuacha hamu hiyo ipime kazi badala ya joto, umbali na saa. Chuma hakijui kwamba una huzuni, na walio juu ya lori hawajui ulichoruka. Fundi, pima, hata kama unalia. Na wewe uliyesimama pembeni ukaona, uliza: "Umepima?" Mimi sikuuliza, na mpaka leo napita mbele ya mlango ule nikiwa nimeinamisha kichwa.