Gari la Nne Laitika

Magari yalikuwa matatu, na jioni ile gari la nne likaitika.

Hakuna aliyekosea kuhesabu. La mbele aliendesha Mzee Gia, kiongozi wa safari, mtu mnene wa maneno machache aliyezeekea kwenye mchanga ule. La katikati walikuwemo maharusi, waliochagua kula fungate kwenye mahema badala ya hotelini na sasa walikuwa wakitazamana kwa macho ya kulaumiana. La nyuma lilikuwa la Mama Spana, fundi wa magari na mpishi wa safari, mwanamke ambaye angeweza kufungua injini na kukoroga uji kwa mkono uleule, usiulize kama aliunawa. Utaratibu wao ulikuwa mmoja. Kabla ya kuondoka popote, Mzee Gia alishika redio ya gari akaita magari moja moja, na hakugusa gia mpaka la mwisho liitike. Kwenye vilima vya mchanga, ukimwacha mwenzako nyuma upepo unafuta njia, na ukirudi kumtafuta humwoni.

"La pili?"

"Lipo," akasema bwana harusi.

"La tatu?"

"Lipo," akasema Mama Spana.

"La nne?"

Dada aliyekaa kando ya Mzee Gia alikwisha kulizoea swali hilo. Tangu waingie mchangani mzee aliliuliza kila mara, akanyamaza kidogo, kisha akasema twendeni. Dada hakuuliza kwa nini, maana alijua. Gari la nne lilikuwa la mdogo wake.

Safari hii redio ikakwaruza, na sauti ikasema, "Lipo."

Dada huyo wenzake walimwita Sindano, kwa sababu siku ya kwanza hema la maharusi lilipochanika alilishona vizuri kuliko lilivyokuwa dukani. Kwao alikuwa fundi cherehani. Mdogo wake, Kitinda, alikuwa kitindamimba asiyetulia, aliyebeba begi mgongoni akaenda kuizunguka dunia, huku akifanya kazi hapa na pale, mpaka akaajiriwa na Mzee Gia kuendesha gari la nne. Mwaka uliopita kimbunga cha vumbi kiliwakuta vilimani. Kitinda aliitwa, akaitika, wakaondoka. Kituo kilichofuata hakuitika. Waliporudi walilikuta gari, milango wazi, injini ikinguruma, klachi imeungua hadi inanuka. Mtu hakuwemo. Walimtafuta mpaka maji yakakaribia kuwaishia.

Nyumbani mama alikataa kuweka msiba. "Simlii mtu ambaye sijui kama kafa," alisema, na chakula chake cha jioni akawa anakipakua sahani mbili. Miezi ikapita, mama akakonda, hamlii mwanawe wala hamsahau. Mwishowe akamwita binti yake. "Nenda ukaniletee neno. Likiwa zuri, likiwa baya, nitalipokea. Ila liwe la kweli." Ndipo Sindano naye akabeba begi mgongoni, akapita nchi za watu akishona nguo za watu, mpaka akamfikia Mzee Gia na kumwambia yeye ni nani. Mzee akasema atampeleka.

Sasa mzee alimgeukia, redio ingali mkononi.

"Umesikia?" akanong'ona.

"Nimesikia."

"Ni sauti yake?"

Sindano akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa sauti yake kabisa, pamoja na kile kicheko kidogo alichokitanguliza mbele ya neno kila alipojua kwamba amekosea jambo.

Walipiga kambi jua likizama, chini ya kilima kirefu. Kwanza ilikuja harufu. Bibi harusi ndiye aliyeisikia mwanzo, akauliza kama kuna kitu kinaungua, na Mama Spana akaweka mwiko chini, akaenda kuyapapasa magari yote matatu kama mtu apapasavyo watoto wenye homa. Yalikuwa ya baridi.

"Hiyo ni klachi," akasema polepole. "Lakini si ya kwetu."

Halafu ukaja mngurumo. Nyuma ya kilima injini ilikuwa ikiunguruma pole, haisogei, haizimiki, imekaa tu kama gari linalomngoja mtu avae viatu. Mama Spana akachutama karibu na Mzee Gia, akamwambia kwa sauti ya chini, ingawa Sindano alisikia kila neno.

"Mzee, mwaka mzima unaliita gari ambalo halipo."

"Nilikuwa namheshimu marehemu. Nikiita matatu tu, naona kama nimemwacha tena."

"Najua. Ulikuwa unaumia. Lakini mahali hapa pana wenyewe, na wenyewe wana masikio. Umeita, umeita, kiti ni kitupu, hakuna anayekaa. Sasa jini limekaa."

"Na kama ni yeye?" Sindano akadakia. "Kama amekuwa huko siku zote, amepotea tu?"

Mama Spana alimgeukia kwa huruma. "Mwanangu, mtu aliyepotea mwaka mzima mchangani, anaona moto wetu, anaona mitungi ya maji, mbona haji kunywa?"

Sindano akaingia hemani kwake kulia.

Karibu na alfajiri, giza lilipoanza kuwa la kijivu, mtu alikaa nje ya hema lake. Alisikia mchanga ukibonyea. Akasikia pumzi, na kitambaa cha hema kikasogea ndani kidogo pale bega lilipoegemea, na ile sauti, yenye usingizi, kama walivyokuwa wakizungumza utotoni kitanda kwa kitanda, ikamuuliza, "Dada, mama hajambo?" Hofu ilimpanda tangu unyayoni hadi utosini. Lakini ndani ya hofu hiyo mlikuwa na furaha, na furaha ikashinda. Akajibu. Akamweleza kwamba mama kahama nyumba ya zamani, akamweleza alipohamia, akamweleza zile sahani mbili za jioni, na sauti ikawa inaguna mm, mm, kama mtu anayesikia habari za kwao baada ya muda mrefu, ikiuliza na vijimaswali vidogovidogo, mama analala chumba gani, mlango anaufunga saa ngapi, mpaka kukapambazuka na bega likaondoka kwenye kitambaa.

Kulipokucha waliona alama. Magurudumu yao yalikuwa yameacha njia za magari matatu. Katikati ya mchanga mtupu, mahali pasipo na kitu, ilianza njia ya gari la nne, ikafuata nyuma ya zile nyingine hadi karibu na mahema. Hapo zikaanza nyayo za miguu mitupu, zikalizunguka hema la Sindano, zikaishia penye kishimo cha mtu aliyekaa. Za kurudi hazikuwepo.

"Uliongea nalo?" Mzee Gia akamuuliza.

Sindano akainamisha kichwa. Mzee hakumgombeza, na hilo lilimuuma zaidi.

Waliondoka bila kuita magari, kwa mara ya kwanza tangu Mzee Gia aanze kazi hiyo. Jua likapanda mpaka juu ya vichwa, mchanga ukawa mweupe hata macho yakauma, na harufu ya klachi ikawafuata ndani ya magari ingawa vioo vilikuwa vimefungwa. Kisha redio ikaanza kusema bila kuitwa.

"Nisubirini. Mchanga huku laini. Nimekwama."

Mzee Gia akakaza mwendo.

"Jamani, leteni hata sepetu. Mtu mmoja tu aje."

Katika kioo cha nyuma Sindano aliliona gari la maharusi likipunguza mwendo, likapinda, likageuka kabisa kuelekea walikotoka. Sauti ya bibi harusi ikaingia redioni, ndogo, ya mtu aliyefungiwa mahali. "Hanisikii. Namwambia simamisha, hanisikii. Anasema kuna mwenzetu amekwama, lazima tukamsaidie. Mzee, tafadhali."

Mzee Gia akakata usukani kulifuata. Akashika redio. "Gari la nne..." akaanza, na sauti ikamwahi kwa upole, "Mzee, mbona uliniacha?" Redio ikamdondoka. Mtu mzima yule akaweka paji la uso kwenye usukani, akalia, na gari likazama kwenye mchanga likazimika.

Sindano akachukua redio ndogo ya mkononi iliyokuwa mbele ya kiti, akafungua mlango, akashuka.

Kitinda alikuwa amesimama juu ya mgongo wa kilima, karibu na gari lenye milango wazi, akipunga mkono. Gari la maharusi lilikuwa likimwendea taratibu kama ng'ombe anayevutwa kamba, na Sindano akakimbia kwa kukata njia, mchanga ukimmeza hadi vifundoni, jasho likimwingia machoni, akijiambia kwamba akifika atamshika mkono amrudishe kwa mama, akijiambia papo hapo kwamba huyo siye, akijiambia kwamba siye lakini hata hivyo atamwona, atamwona uso mara moja tu kabla ya yote, na miguu ikaendelea kumpeleka bila kungoja akate shauri, mpaka akawa mbele yake, mkono wake ungeweza kumgusa kifuani.

"Dada," akasema Kitinda, na kile kicheko kidogo.

Uso ulikuwa wake. Kovu la kidevuni lilikuwepo. Alivaa lile shati la kahawia ambalo Sindano alimshonea siku za mwisho kabla hajasafiri, akikesha nalo, akiweka mshono maradufu mabegani kwa sababu ya mikanda ya begi. Macho yake yakaenda mabegani yenyewe, kama macho ya fundi yaendavyo. Mshono haukuwepo. Akatazama kwapani, akatazama ukosi, akatazama pindo. Hapakuwa na mshono popote. Shati lilikuwa kitu kimoja na mikono yake, na ukosi wake, na vifungo vyake, na kila kiraka cha rangi iliyochujuka na jua kilikuwa mahali pake hasa.

Hapo Sindano akajua yote. Aliyeliiga shati lile hakujua nguo hutengenezwaje, lakini alikuwa amelitazama. Alikuwa amekaa mbele ya Kitinda mchangani muda mrefu sana, akilitazama hadi rangi ikachujuka, na aliyelivaa hakuwa na uwezo tena wa kuinuka aondoke. Alitaka kuuliza kama Kitinda alilia, na aliita jina la nani, na akaogopa kwamba angejibiwa.

Akainua redio hadi mdomoni, kwa sababu redioni ndiko jini lilikoitwa na huko ndiko lingetolewa.

"Magari yote, sikieni. Magari yetu ni matatu. Gari la nne halipo." Akamtazama usoni. "Mdogo wangu amekufa. Alikufa mwaka jana, hapa mchangani, peke yake. Anayeongea si wetu na hatumsubiri."

Uso ule ukaharibika kama wa mtoto aliyepigwa kofi na mtu ambaye hakumtarajia. "Dada, umesema nini? Dada, mimi ni huyu. Usiseme hivyo, nitakwenda wapi mimi?" Akalia, na kilio kilikuwa cha Kitinda wa miaka mitano, na Sindano akafumba macho, akayarudia maneno yale yale, akayarudia tena, sauti ikimkwama, mpaka aliyekuwa akilia akanyamaza, harufu ya klachi ikaisha, na alipofumbua macho mbele yake palikuwa na mchanga mtupu. Nyuma yake bwana harusi alikuwa ameshuka garini, akimwuliza mkewe kwa nini wamesimama.

Mama Spana alimkuta amepiga magoti. Akamwinua, akampangusa uso kwa kanga yake yenye madoa ya oili. "Umefanya kazi ngumu, mwanangu," akasema. "Sasa una neno la kumpelekea mama."

Ndivyo Sindano alivyojituliza njia nzima. Aliyapanga maneno, akayapangua. Walipotoka mchangani na kufika mjini alipanga chumba kidogo cha wageni, chenye kitanda kimoja na dirisha linalotazama gereji, akakaa kitandani bila kunawa, akapiga simu nyumbani.

"Mama."

"Mwanangu! Nilikuwa nataka kukupigia mimi."

Sauti ya mama ilikuwa changamfu. Haikuwa hivyo tangu habari za kupotea zilipofika. Nyuma yake ufagio ulisikika ukikwaruza sakafu.

"Mama, kaa chini nikuambie."

"Kitinda amefika," mama akasema. "Amepiga hodi alfajiri. Kachoka, hataki kula, hataki kunywa, amekaa tu ananitazama. Ana mchanga, mwanangu, nafagia haupungui."

Sindano akasimama. Ni yeye aliyekielekeza kitu kile, kitongoji kwa kitongoji, mlango kwa mlango.

"Mama, huyo siye. Sikiliza. Kitinda amekufa."

"Alisema utaniambia hivyo."

"Litazame shati lake. Tafadhali, mama. Tafuta mshono."

Ufagio ukanyamaza. Kwa muda Sindano alisikia tu nyundo za gereji chini ya dirisha lake, na pumzi za mama, taratibu, karibu kabisa na simu. Mama aliporudi kusema alikuwa ameshusha sauti, kama mtu asiyetaka aliye chumba cha pili asikie.

"Nimeona, mwanangu. Nimeona tangu alipoingia mlangoni. Nani alikufundisha wewe kushona?"

"Mama..."

"Lakini nikimwita anaitika," mama akasema. "Usije ukamfukuza tena."