Radhi ya Bi Zamzam

Magharibi ilikuwa inakaribia Harith alipokaza skrubu ya mwisho ya laptopu yake. Alikuwa ametia diski mpya, tupu, haina kitu ila mfumo wa kuiendesha mashine. Mwalimu Douglas, aliyefuata printa yake pale kibandani Langoni, akachungulia.

"Fundi, hii yako bado iko kwenye mtihani?"

"Leo itapita, Mwalimu."

"Hata wanafunzi wangu husema hivyo." Akacheka, akaenda zake.

Harith akaiwasha.

Inakagua diski. Bonyeza kitufe chochote kuruka ukaguzi.

Siku arubaini na moja, tangu azikwe mama yake, Bi Zamzam, kila akiwasha ni yayo kwa yayo. Na kila siku alibonyeza. Alijua inatafuta nini.

Mama alipozidiwa alimwambia amrekodi kwenye laptopu hiyo. Maneno yalikuwa ya kupelekewa jirani yao wa zamani kule Mkomani, Bi Mwanamkisi. "Mpelekee kabla sijazikwa," alimsihi. Harith aliyasikiliza, akaona haya. Mbele ya jeneza aliwaomba watu wamsamehe marehemu, na msikiti mzima ukajibu, "Tumemsamehe." Akajiambia, yatosha. Jioni ile akaifuta ile sauti.

Lakini msikitini walikuwa wanaume. Bi Mwanamkisi alikuwa matangani, na wanawake wenziwe, akimlilia.

Kidole kikashuka kwenye kitufe...

Harufu ya kafuri. Ile ile aliyotiwa mama kwenye sanda.

Akaurudisha mkono.

Asilimia kumi. Arubaini. Feni ikakwaruza kama kifua cha mgonjwa. Tisini...

Faili moja limepatikana.

Kwenye diski tupu.

"Audhubillahi," akanong'ona. Akaikumbatia laptopu, akaenda Mkomani mbio.

Bi Mwanamkisi alifungua kabla hajabisha hodi.

"Umekawia, mwanangu."

Harith aliiweka mashine barazani, akaifungulia sauti.

"Mwanamkisi, niwie radhi. Nilikwenda Chundwa kwa mganga. Nikaifukia hirizi kizingitini pako, usizae. Ni wivu, ndugu yangu."

Mimba tatu zilimtoka Bi Mwanamkisi. Lamu nzima ilijua. Alikitazama kizingiti muda mrefu.

"Mamako huja kila Magharibi," akasema polepole. "Husimama papo hapo uliposimama. Husema, 'Mwanamkisi, niwie...' kisha hukatika. Siku arubaini na moya namngojea amalize."

Harith akatazama miguu yake. Akasogea.

"Zamzam nimemsamehe. Mola naye amsamehe, apumzike."

"Na mimi, Bi?"

Bi Mwanamkisi akafunga mlango, taratibu, bila hasira.

Asubuhi yake kizingiti kilichimbwa. Palikuwa na mfuko wa ngozi, mkavu, mtupu. Ulikuwa umepasuka... kutoka ndani.

Laptopu haikagui tena. Huwaka mara moja, kama mpya.

Ila kila alfajiri, kabla ya adhana, Harith huamka asiweze kujigeuza. Kafuri imejaa puani. Kitu kinakwaruza ndani ya kifua chake, polepole, kuanzia mwanzo, kikitafuta.

Kidole chake hupapasa shuka.

Hapana kitufe.